Naomba ushauri: kulinganisha nguvu na ucheleweshaji wa sakiti za nanomita 180 na 45

Ndugu wataalamu, niko Mbeya nikiandaa mradi wa chuo unaolinganisha sakiti mbili za kujumlisha namba: moja ya teknolojia ya nanomita 180 (kipimo cha transista zake, yaani swichi ndogo za umeme) kwa volti 1.8, nyingine ya nanomita 45 kwa volti 1. Kwa kanuni ya Dennard ya mwaka 1974, inayoeleza athari za kupunguza ukubwa wa transista, vipimo vyake na volti vikigawanywa kwa 4, ucheleweshaji hupungua mara 4 na nguvu mara 16. Lakini hapo volti ingeshuka hadi 0.45, jambo ambalo halikutokea, kwa sababu volti ya kizingiti (ile inayowasha transista) ikipunguzwa mno transista huvujisha umeme hata ikiwa imezimwa. Kwa hiyo kugawa nguvu ya sakiti ya nanomita 180 kwa 16 kungeipendelea sakiti hiyo ya zamani isivyo haki. Je, nitumie uwiano wa kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) na mraba wa volti, au nifanye uigaji wa kompyuta wa sakiti zote mbili upya katika nanomita 45? Na nguvu inayovuja niitenge vipi?