Mama anataka kuona maporomoko ya Nyahururu kabla ya hija ya Subukia. Nimkatalie?

Binti wa Sabaki
Ndugu zangu, hamjambo. Jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa Malindi inajiandaa kwenda Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, siku ya maombi ya kitaifa mwezi wa Oktoba. Tunaondoka Jumatano jioni kwa basi, Alhamisi tufike Nyahururu tulale, Ijumaa alfajiri tuteremke kwa miguu hadi kwa Mama Maria. Nakwenda na mama, ana miaka 63. Goti la kushoto linamsumbua, lakini kupanda gari pamoja na wagonjwa amekataa katakata.

Sasa amesikia kwamba Thomson's Falls ziko hapohapo Nyahururu. Mama amekulia Sabaki. Maji anayoyajua ni yale mekundu ya mto wetu, yanayokwenda polepole na matope yake hadi baharini. Anataka aone maji yakianguka, mara moja tu. Kiongozi wetu amekataa: hija si matembezi. Mama hakubisha. Ila tangu siku hiyo akimaliza rozari haiweki chini, anabaki ameishika tu, kimya. Naumia kumwona hivyo. Mnanishauri nini?

Mpita Njia
Dada, nimeishi Nyahururu miaka sita. Kutoka langoni hadi pale pa kutazamia ni hatua chache, na hapo juu anayaona yote: mto Ewaso Narok unajitupa mita 74 kwa mkupuo, mvuke unapanda hadi usoni. Nusu saa inatosha.

Asichofanya ni kushuka bondeni. Njia ni ya ngazi na mawe yenye utelezi, na kila hatua ya kushuka utailipa kwa kupanda. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa Malindi anahema akipanda ngazi za gesti tu. Halafu kesho yake njia ya Subukia ni mteremko mrefu, na goti bovu huumia zaidi mtu akiteremka kuliko akipanda. Mtafutie fimbo. Kucha za miguu azikate, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu hadi viwe vyeusi. Na sweta, tafadhali, si leso peke yake!

Mzee wa Ngomeni
Mwanangu, kwani ni lazima Nyahururu? Lugard Falls ziko Tsavo Mashariki, mnaingilia lango la Sala kwa barabara ya hapa Malindi. Na ni Galana, mto huohuo unaoitwa Sabaki ukifika kwetu. Maji ya Nyahururu huelekea mto Ewaso Nyiro na kuishia vinamasi vya Lorian, kwetu hayafiki.

Binti wa Sabaki
Ahsante mzee wangu. Ila nasikia za Lugard ni maji yanayokimbia kati ya miamba, hayaanguki kutoka juu. Yeye anataka yanayoanguka.

Niliongoza
Naomba nimtetee kiongozi wenu. Mwaka mmoja niliwaruhusu watu watano "wachungulie tu". Wakashuka hadi chini, wakarudi usiku, na alfajiri kundi zima likawangoja. Mmoja alitegua kifundo tukambeba. Tangu hapo nami nilikuwa nakataa. Lakini angenijia mtu na mpango, saa ya kwenda na saa ya kurudi, na ahadi kwamba hakuna anayeshuka, ningekubali. Usiende kumwomba ruhusa mikono mitupu.

Mpwani wa Lamu
Mimi ni Mwislamu, mtaniwia radhi kuingia. Tukija watu wa Malindi kwa Maulidi Lamu, vijana hutaka kukimbilia ufukwe wa Shela kuoga. Marehemu babu alikuwa akituambia: kwanza msikiti wa Riyadha, kwanza ziara ya kaburi la Habib Swaleh aliyeuanzisha, halafu bahari. Hakutukataza bahari hata siku moja. Lakini huyo mama simwoni kama vijana wale. Mtu wa miaka 63 anayetaka kwenda kutazama kazi ya Mola wake njiani akienda kumwomba, nia yake imeharibika wapi? Mpeleke, dada.

Binti wa Sabaki
Mrejesho. Jana baada ya misa nilimfuata kiongozi na mpango nimeuandika: basi likifika kabla ya saa kumi Alhamisi, tunakwenda mimi na mama tu, juu tu, saa kumi na mbili tuko kwenye chakula na wenzetu. Likichelewa, hatuendi. Alisoma mara mbili, akauliza kama mama ana koti. Akakubali.

Mama ameshafungasha kijerikeni chake cha lita tatu cha kutekea maji ya chemchemi ya Subukia. Koti ndilo bado sina. Aliye Barani au Shella hapa Malindi mwenye zito la kuazima, aniandikie, nitalirudisha limefuliwa.