Tupeane uzoefu: Ulishawahi kukaa kikao ambacho muuzaji ndiye mnunuzi?

Mpangaji wa Uswahilini
Wakuu, leo mkutano wa mtaa wamesoma mapato na matumizi. Lilipotajwa jina la mzabuni wa ile mitaro, watu wakaguna chinichini, maana kila mmoja anajua ni shemeji wa mwenyekiti. Ikaulizwa nani ana swali. Hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi nikiwemo. Nimerudi nyumbani chakula hakishuki. Mliowahi kukaa kwenye hizi kamati, mlifanyaje?

Binti Mkulima
Shemeji ni afadhali. Kwetu kampuni ina jina la binti yake mwenyewe, yuko chuo.

Kamati Mbili
Ngoja niliteme hili, nimelibeba miaka.

Shule yetu ilipokea fedha za madarasa mawili kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kutafuta fundi yenyewe. Mnajua inavyokwenda: kamati ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, wote wanakijiji. Mimi nikawekwa manunuzi. Kikao cha kwanza zikaletwa koteshini (karatasi za bei) tatu za mabati, maduka matatu. Nikazipanga mezani. Mihuri mitatu, mwandiko mmoja. Zote zimeandika "mabati ya langi". Maduka matatu yanakoseaje neno moja kwa namna moja? Nikamwangalia mama tuliyekuwa naye kwenye kamati, naye akaniangalia, halafu akainama akaanza kufunga upya kanga yake.

Duka lililoshinda ni la diwani, leseni ina jina la mkewe. Na diwani alikuwa pale pale, kaja kutusalimia.

Nikasaini. Sikupewa hata soda. Nilisaini kwa sababu mdogo wangu na wenzake walikuwa wameomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wa vikundi, na maombi yao yalikuwa hayajapita kamati ya maendeleo ya kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani huyo huyo. Hakunitisha, hakunigusia. Nilijitisha mwenyewe.

Mabati yakaja. Koteshini ilisema geji 28, ndiyo unene wa bati. Fundi akainua moja kwa mkono mmoja akasema, "Hili ni karatasi." Yale maandishi ya kiwandani yalikuwa yamesuguliwa. Tukalibeba hadi AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, kwenye mizani ya kahawa, tukalipima na bati la geji 28 la urefu ule ule ambalo fundi alibaki nalo alipoezeka kwake. Hata mtoto angeiona tofauti. Mzee wa kamati ya mapokezi, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, akaweka kalamu chini akasema hapokei. Mimi wa kidato cha nne nilishasaini.

Mama Wawili
Pole sana. Mabati ya watoto yanauma kuliko hela.

Duka la Kona
Naomba nieleweke. Nauza vifaa vya ujenzi na baba yangu mdogo ni diwani. Kata nzima duka kubwa ni langu. Saruji yangu ni nafuu kuliko ya mjini ukiweka na nauli. Sasa shule iniruke kwa sababu ya ukoo? Nami nina watoto.

Kamati Mbili
Ndugu yangu, hujaulizwa ukoo. Je, baba mdogo alisema kikaoni kwamba duka ni la mwanawe?

Duka la Kona
Kila mtu anajua!

Karani wa Vikao
Hapo ndipo mnapokosea. Nimeandika mihtasari ya baraza miaka mingi. "Kila mtu anajua" haipo kwenye muhtasari. Sheria zetu za serikali za mitaa, Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, zinamtaka diwani mwenye maslahi kwenye mkataba unaojadiliwa ayatamke, asichangie, asipige kura. Akishatamka, akatoka nje, ikaandikwa saa aliyotoka na saa aliyorudi, wewe uza saruji yako kwa amani. Tena madiwani wamo kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, wanajaza tamko la mali na madeni kila mwaka mwisho 31 Desemba. Duka la mke linatakiwa kuwa humo.

Duka la Kona
Akitoka nje, wanaobaki ndani ni marafiki zake.

Karani wa Vikao
Hilo ni kweli, na sina jibu lake.

Mjukuu wa TANU
Mnanikumbusha babu. Azimio la Arusha lilipotoka 1967, masharti ya uongozi yalikataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili, au nyumba ya kupangisha. Babu alikuwa diwani na alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha. Akaamua kuacha udiwani, akabaki na vyumba. Bibi alikuwa akisema heshima ya mzee ilianzia siku ile, maana alichagua kimoja mchana kweupe. Zanzibar 1991 CCM wakayalegeza masharti yale, na leo hatumwombi mtu achague.

Binti Mkulima
Babu alikuwa mtu.

Afisa wa Zamani
Hiyo mikopo ya asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ilisimamishwa 2023 kwa sababu hizi hizi. Niliwahi kukagua kikundi cha wanawake watano, nikakuta wanne ni wake za ndugu wa kiongozi mmoja, na wa tano hakujua kama yumo.

Jirani wa Busia
Huku Kenya pia tuko nayo. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kazi yake ni kuangalia hiyo pesa ya kaunti, na kampuni inayochimba mitaro ni ya dada yake. Shuleni tulifundishwa Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu. Lakini nani atamshtaki mtu mnazika naye pamoja?

Mama Wawili
Piga 113 TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, bure kabisa.

Mpangaji wa Uswahilini
Kamati kama ile ni watu watano, TAKUKURU wakija diwani atajua ni nani kapiga.

Mama Wawili
Basi pigeni wote watano, mama wa kanga aanze.

Karani wa Vikao
Kabla ya simu, omba muhtasari. Na ukikataa jambo kikaoni, sema: "Naomba iandikwe nimekataa."

Duka la Kona
Nimempigia baba mdogo sasa hivi. Amenuna. Lakini kikao cha Alhamisi amesema atatamka.

Binti Mkulima
Kamati Mbili, mabati yalirudi?

Kamati Mbili
Yalirudi baada ya wiki tatu, usiku, kwa trekta lile lile lililoyaleta, yakaja ya geji 28. Mkutano uliofuata mzee akaondolewa kwenye kamati, wakasema anaumwa. Hakuwa anaumwa. Kikundi cha mdogo wangu kikapata mkopo, wakanunua bodaboda mbili. Kila nikipandishwa moja nashukia mbali na kwa yule mzee, namalizia kwa miguu.