Naomba ushauri: kadi ya mkopo nichukue au niachane nayo?

Wakuu habari zenu, benki wananipigia simu kila wiki nichukue kadi ya mkopo na mimi bado nasita. Faida naziona, nikinunua kitu mtandaoni nikatapeliwa angalau siyo hela ya mshahara wangu inayotoka moja kwa moja, halafu nikilipa deni lote kabla ya tarehe riba hamna kabisa, na historia ya mkopo inajengeka. Kinachonitisha ni ile riba jamani, maana 3% kwa mwezi ukiisikia unaona ndogo ila ikijizalia mwaka mzima inapita 42%, na ukilipa kile kiwango cha chini tu wanachokuambia deni linakuwa kama halipungui. Dada yangu yalimkuta hayo, alikuwa anatolea kesh ATM bila kujua kwamba hapo riba inaanza siku ileile, amelipa miaka 2 na usingizi hana.

Mimi nikishika hela huwa natumia, nakiri. Sasa mnaotumia hizi kadi mnajizuiaje? Naweza kuomba limiti ndogo wakanikubalia, na ada ya mwaka wanakata hata nisipoitumia?