Skizofrenia kwa watu wetu Ulaya: kinga ya mwili au ugeni?

Mzaramo_Buguruni
Wadau, utafiti wa Uingereza wa 1997 hadi 1999 (London, Nottingham, Bristol) ulikuta weusi wenye asili ya Afrika wanapata skizofrenia (ugonjwa wa akili, mtu husikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo) karibu mara 6 kuliko Waingereza weupe. Wenye asili ya Karibi mara 9! Mimi nasema ni mwili. Ngozi nyeusi kwenye nchi ya mawingu inakosa vitamini D, kinga inayumba, na mtoto anaathirika tangu tumboni. Mwaka 2016 wanasayansi walionesha kuwa aina fulani za jeni ya C4, ambayo ni ya kinga, zinaongeza hatari ya ugonjwa huu. Nani anabisha?

Nesi_Ilala
Nabisha mimi. Mwaka 1932 Ødegaard, daktari wa akili wa Norwe, alikuta Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, wanaugua kuliko waliobaki kwao. Wale ni weupe, kaka. Na watafiti walipohesabu wagonjwa Jamaica kwenyewe, huko Karibi, hawakukuta balaa la mara 9. Kinachoumiza ni kubaguliwa na kuishi peke yako.

Kamanda_Tandika
Mnazunguka mbuyu. Wazazi wako kazini zamu mbili, mtoto anavuta bangi, nani anamlea? Aliyelelewa na bibi yake Mbagala haugui hayo.

MamaWawili_Leicester
Kamanda, hapo umenivunjia heshima. Mwanangu anaumwa na bangi hajawahi kuigusa. Zamu mbili hizo ndizo zinazolipa ada za wapwa zangu hapo hapo Tandika. Msiba ukitokea mnatupigia usiku wa manane, mtoto akiugua mnasema malezi!

Kamanda_Tandika
Dada, sijakutaja. Ila bangi kali inachangia, hata madaktari wanasema.

Zakia_Kizuiani
Na nani kakwambia Mbagala hawaugui? Kaka yangu hajawahi kupanda ndege, na tunahangaika naye na dawa kila mwezi. Wapo wengi, wamefungiwa vyumba vya uani ili majirani wasijue. Wewe huwaoni kwa sababu hupiti uani kwa watu.

Mzaramo_Buguruni
Turudi kwenye vitamini D jamani.

Ustadh_Kigogo
Mama, mrudishe kijana nyumbani. Bagamoyo kuna mtaalamu, watu wamepona.

MamaWawili_Leicester
Ustadh, shikamoo. Shangazi zake wananiambia hivyo hivyo kila siku. Nimrudishe aje akae na nani?

Nesi_Ilala
Dua aombewe, sawa, ila dawa isikatwe hata siku moja. Nimepokea wengi waliotoka kwa wataalamu wakiwa na alama za kamba mikononi. Na mama, kule The Hague, Uholanzi, watafiti walikuta wahamiaji wanaoishi mtaa wenye watu wengi wa kwao hawaugui kama waliotawanyika. Hapo Leicester Waswahili wapo?

Ustadh_Kigogo
Nesi, kamba zimeingiaje? Mimi nimemfunga nani?

Zakia_Kizuiani
Kaka yangu alifungwa, Ustadh. Wiki nzima.