Redio ya gari inakwaruza na ramani haikamati, nianzie wapi?

Kijana wa Nyegezi: Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota iliyotoka Japani. Haina antena ya juu, ni zile nyaya nyembamba za kwenye kioo cha nyuma. Tangu nifungiwe redio mpya ya skrini, Mwanza mjini stesheni zinakwaruza, nikipita Usagara kwenda Misungwi nabaki na mvumo mtupu. Redio ya zamani ilikuwa inafika mbali. GPS nayo inaniweka ziwani wakati niko Kirumba. Fundi anasema ninunue antena. Nabeba abiria, wanataka taarifa ya habari. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Umeme wa Magari: Mkuu, usinunue kitu. Antena ya kioo ina busta ndogo (kikuza mawimbi) karibu na kioo, na busta inakula umeme wa volti 12 kutoka kwenye redio. Redio mpya zinautoa kwa waya wa bluu, mara nyingi umeandikwa ANT. Mafundi wengi wanauacha unaning'inia, na busta isiyo na umeme inakaba mawimbi badala ya kuyakuza. Washa redio, chukua mita ya kupimia volti, mguu mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye waya unaoingia busta. Ukikosa volti 12, mchawi umempata.

Pia angalia kama kuna kikasha cha kushusha masafa nyuma ya redio. Redio nyingi za Japani ziliishia 90 MHz na FM yetu inafika 108, ndiyo maana watu hukifunga. Redio mpya haikihitaji.

Mama Igoma: Na chomoa chaja ya simu usikilize. Zile za bei rahisi zinatia kelele sana kwenye FM.

Jiwe la Ziwani: Nyuma ya vilima vyetu hivi vya mawe FM ikikatika halafu ikarudi, gari halina kosa. Mvumo wa moja kwa moja ndio ugonjwa.

Kwenye GPS, kile kidude cha antena kimewekwa wapi? Satelaiti ziko juu zaidi ya kilomita 20,000, mawimbi yanafika yamechoka na bati hayapenyi. Wafungaji wanakificha nyuma ya redio katikati ya vyuma. Kiweke juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, kitazame mbinguni. Una tinti? Yenye chuma ndani inaziba GPS na hiyo antena ya kioo pia.

Kijana wa Nyegezi: Tinti sina. Nimefungua: waya wa bluu umezungushiwa tepu, haujaungwa popote! Nimeuunga, Misungwi nasikia vizuri kabisa. Kidude cha GPS nimekihamishia mbele, ramani imetulia. Asanteni sana, mmeniokolea hela. Ila kikasha kipo, na stesheni zinakuja kwenye namba zisizo zake.

Umeme wa Magari: Ndicho kinachozihamisha. Kitoe, chomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye redio, kisha tafuta stesheni upya.