Bibi aliachiwa kahawa wakati wa vita ya Kagera, babu aliporudi ikawaje?

KihambaniKwetu (Moshi):
Wanajamvi habari zenu. Babu alichukuliwa mgambo mwisho wa 1978 kwenda kumng'oa Amin, bibi akabaki Kibosho na watoto wanne. Kwetu kahawa ni ya mwanaume, mwanamke ana ndizi, maziwa na mbege yake, ila msimu ule bibi alichuma, akamenya usiku kwa mashine ya mkono, akaanika, akabeba mwenyewe mpaka kituoni ikapimwa. Stakabadhi wakaandika jina la babu! Anasema aliifunga kwenye pindo la kanga mpaka ikalainika kama kitambaa. Babu karudi, kaulizia hela ya kahawa, na bibi karudi kwenye ndizi basi. Sasa vita inampa mwanamke nafasi kweli au anaazimwa tu mpaka mwenyewe arudi?

Mama wa Ngaramtoni:
Anaazimwa mwanangu. Hata Uingereza vita ya kwanza wanawake walijaa viwanda vya mabomu, vita ikaisha wengi wakarudishwa nyumbani. Kura ya 1918 wakapewa wa miaka 30 kwenda juu, tena kwa masharti ya mali, na wale mabinti wa viwandani wengi hawajafika hata hiyo 30.

Dada_Sakina:
Mama shikamoo, mimi hapo nakataa kidogo. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanaume wengi wameuawa, wengine jela, wengine wamekimbia, mjane anataka kulima shamba la marehemu anaambiwa sio lako. 1999 ikatoka sheria mtoto wa kike arithi, 2003 katiba ikawatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi kwenye vyombo vya maamuzi, 2008 wakawa zaidi ya nusu bungeni. Na hapa hapa Arusha, mahakama ya UN ya mauaji ya Rwanda, kesi ya Akayesu aliyekuwa meya kule, ubakaji haukuwepo kwenye mashtaka ya mwanzo, uliongezwa baada ya wamama mashahidi kuusema mbele ya majaji, hukumu 1998 ikautambua kama mauaji ya kimbari. Kilichoandikwa ndio kimebaki.

KihambaniKwetu:
Hapo pa kuandikwa dada umenigusa. Babu ameshafariki, kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, bado jina lake na baba mdogo ameanza maneno.

Mama wa Ngaramtoni:
Marahaba Sakina. Wewe wa Kibosho usingoje, sheria yetu ya ardhi ya vijiji nayo ni ya 1999, inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Mpeleke bibi ofisi ya kijiji akiwa bado ana nguvu za kuongea mwenyewe, na ile stakabadhi kama ipo abebe.

KihambaniKwetu:
Ipo mama. Kwenye sanduku la bati, chini ya kanga.