Mabawa ya mdiria yananishinda, naomba ushauri

Jambo kwenu, ndugu wapiga picha. Niko Bukavu, namfuata mdiria mweusi na mweupe wa Ziwa Kivu, yule anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Lenzi yangu ni ya 300 mm, tundu la mwanga f/5.6. Asubuhi mapema, kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, kichwa kinatoka safi lakini mabawa ni moshi mtupu. Nikipanda 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inaruka hadi 3200, na chembechembe za picha zinameza mistari ya kifuani: miwili dume, mmoja jike. Jua likiwaka, weupe unaungua kwa mwanga kuzidi. Kumsogelea kwa mtumbwi? Thubutu, ameshaenda.

Naombeni: nivumilie chembechembe au nishuke 1/1000? Na juani, nipunguze mwanga kiasi gani ili manyoya meupe yaonekane?